Mafuta yapo, chuma kinalika: kutafuta chanzo kabla ya kuongeza oili

Mashine ikianza kulia, mkono huenda wenyewe kwenye kopo la oili. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kelele hutulia siku mbili, kisha hurudi na ukali zaidi, na ukifungua unakuta beringi imekwisha huku imezama kwenye mafuta. Kwa hiyo swali la "ina oili?" liulize, ni la dakika moja, lakini usiishie hapo. Swali lenye kazi ni hili: utando umekatika kwa sababu gani?

Utando ni ile ngozi nyembamba ya mafuta inayozitenga nyuso mbili. Chuma hata kikisagwa kikang'aa kama kioo, kwenye hadubini kina vilima na mabonde. Ukilaza uso juu ya uso, vinavyogusana ni vilele tu, na mzigo wote unabebwa na vilele hivyo vichache. Hapo vinagandana, vinang'oana, na vipande vyake vinabaki katikati vikikwaruza. Kuburuza chuma kikavu juu ya chuma kikavu kunahitaji nguvu ya karibu nusu ya uzito unaokandamiza, au zaidi. Utando kamili ukiingia katikati, nguvu hiyo hushuka chini ya sehemu moja ya mia.

Ajabu ni kwamba utando huo haupakwi, unajitengeneza. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akijaribu beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu upande wa juu, na mashine ilipozunguka oili ikapanda ikamwagika kupitia tundu lile. Akaliziba kwa kizibo cha mbao. Kizibo kikasukumwa mpaka kikatoka. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu kilichotokea: shafti inapozunguka huivuta oili na kuiingiza kwenye nafasi inayozidi kubana, kama kabari, na presha inayozaliwa humo ndiyo inayoiinua shafti.

Utando, basi, unataka mwendo wa kuivuta oili, unataka oili yenye mnato (uzito wa kutiririka) wa kutosha, na unataka mzigo usiozidi. Unataka pia oili ifike pale inapohitajika, na ifike ikiwa safi. Dalili nyingi zinazofuata zinarudi kwenye moja ya hayo.

Inachemka

Anza na wakati. Joto limeanza lini, na siku hiyo nani aligusa nini?

Niliwahi kuhangaika na mota ya feni kubwa iliyokuwa ikichemka beringi ya upande wa mzigo. Kila nikiipita naipiga grisi, na kila nikirudi joto limepanda. Nilishaanza kulaumu beringi kuwa ya bandia. Siku nilipofungua kifuniko, grisi ilijaa mpaka ukutani, imelainika kama uji, na gololi zilikuwa zinaogelea humo zikiikoroga bila kupumzika. Beringi ilikuwa nzima. Nilitoa zaidi ya nusu ya grisi kwa kijiti, nikaiwasha, na kabla ya jioni joto lilikuwa limerudi mahali pake. Kilichokuwa kinaichemsha ni mkono wangu.

Grisi inayokorogwa huzalisha joto, joto huilainisha, ikilainika inakorogwa zaidi. Nafasi iliyo wazi ndani ya nyumba ya beringi hujazwa theluthi moja mpaka nusu, basi. Kwa kuongeza grisi wakati wa matengenezo kuna hesabu fupi ambayo mafundi wengi wanaitegemea: kipenyo cha nje cha beringi kwa milimita, mara upana wake, mara 0.005, jibu ni gramu. Beringi yenye kipenyo cha 80 na upana wa 18 inataka gramu 7 na kidogo tu. Pampu za grisi hazitoi kiasi sawa, kwa hiyo piga ya kwako mara 10 juu ya karatasi, pima kwenye mizani, gawa kwa 10. Ukishajua pigo moja ni gramu ngapi, utashangaa umekuwa ukiishindilia mashine kiasi gani.

Joto kupanda kidogo mara baada ya kuweka grisi ni kawaida. Grisi mpya inajipanga, na kwa saa kadhaa hushuka. Lisiposhuka, tafuta kizibo cha kutolea grisi, kifungue, iache mashine izunguke mpaka ya ziada itoke. Vizibo hivi mara nyingi havijafunguliwa tangu mashine itoke kiwandani, na grisi kuukuu iliyoganda humo ni ngumu kama nta. Kizibue kwanza.

Kwenye gia boksi hadithi ni ileile kwa sura nyingine. Oili ikizidi alama, gia zinaipiga, inajaa povu, na povu halibebi mzigo kwa kuwa ndani yake kuna hewa. Oili nzito kuliko inavyotakiwa nayo huchemsha, kwa sababu nguvu inapotea kwenye kuikata oili yenyewe. Hapa watu hukosea kwa kudhani kwamba nzito ndiyo salama.

Kinyume chake ni oili nyepesi au chache. Joto la aina hii linafuata mzigo: mashine ikifanya kazi tupu imetulia, ukiipa mzigo linapanda. Soma namba kwenye kopo. Oili za viwandani zinaandikwa VG 32, 46, 68, 100 na kuendelea, na namba hiyo ni mnato wake ikiwa na nyuzi 40 za Selsiasi. Si mnato wake mashine ikiwa moto. VG 68 ya kawaida ya madini, ikifika nyuzi 100, inabaki na chini ya 10. Kwa hiyo kama feni ya kupooza imeziba vumbi na mashine imepanda nyuzi 20 juu ya kawaida yake, oili ile uliyoichagua vizuri haipo tena. Iliyomo ni nyingine, nyembamba zaidi. Safisha feni kabla ya kubadilisha oili.

Chuma cha nyuzi 60 hutakishika zaidi ya sekunde chache, na hicho ni kipimo cha mkono wakati huna kingine. Zima mashine kwanza. Kidole hakina vipuri. Grisi ya kawaida ikishapita nyuzi 70, kila nyuzi 15 zinazoongezeka hukata umri wake kwa takriban nusu. Ratiba ya grisi iliyoandikwa kwa mashine ya baridi haiifai mashine ya moto.

Inalia

Mlio mwembamba wa juu, kama mluzi au kijogoo kilichobanwa, mara nyingi ni ukavu. Mngurumo mzito usiokatika ni njia ya gololi iliyokwisha kuharibika. Kugonga kwa mpigo, tok-tok-tok kunakoenda na mzunguko, ni jeraha moja mahali pamoja au nafasi iliyopanuka.

Mashine ikiwa inakuruhusu kuikaribia bila hatari, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi, mbali na kinachozunguka, na kipini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Kisha weka grisi kidogo sana, pigo moja, au tone la oili kama ni bushi, yaani beringi isiyo na gololi. Sikiliza. Kelele ikitulia na ikabaki imetulia, ulikuwa ukavu, na kazi iliyobaki ni kujua kwa nini mafuta hayakufika: nipeli (chuchu ya kupigia grisi) imeziba, mfereji umejaa grisi iliyokauka, ratiba imesahaulika. Ikitulia dakika chache halafu ikarudi, uso umeshaumia, na mafuta yanaficha tu, agiza beringi. Isipobadilika hata kidogo, acha mafuta kabisa. Angalia kama shafti mbili zimenyooka, kama mkanda umekazwa kupita kiasi, kama pampu inanyonya hewa.

Kwa injini, kelele ya valvu ya sekunde moja au mbili asubuhi, kisha kimya, ni oili iliyoteremka usiku ikirudi juu. Ikichukua muda mrefu zaidi, shuku filta isiyozuia oili kurudi, au oili nzito mno kwa baridi ya hapo. Katika maandishi kama 15W-40, namba ya kabla ya W ndiyo inayohusu baridi. Ya pili inahusu injini ikiwa moto.

Taa ya oili ikiwaka injini ikiwa moto na imelegezwa mwendo, zima injini hapohapo. Usijipe moyo kwamba ukikanyaga inazimika. Inazimika kwa sababu pampu imezunguka haraka, si kwa sababu tatizo limekwisha. Pima kina cha oili kwanza. Kikiwa sawa, fungua swichi ya presha ufunge geji ya kawaida ya presha ya oili, upate namba ya kweli. Wengi hubadilisha pampu ya oili kwa kukisia, kumbe ni swichi ya umeme iliyochoka, au chujio la chini lililozibwa na masizi. Geji ikithibitisha presha ni ndogo, bado kuna oili iliyolegea na beringi za shafti kuu zilizolika. Oili inavuja pembeni kabla haijajenga presha.

Na dipstiki ikionyesha oili imeongezeka bila mtu kuongeza, usifurahi. Inuse. Petroli au dizeli inateremka kutoka kwenye silinda, au maji yameingia, na mnato unakufa kimyakimya huku kipimo kikionyesha umejaa.

Oili imebadilika

Rangi nyeusi pekee si ugonjwa. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na kuyabeba ndiyo kazi iliyoajiriwa kufanya. Weusi unaohofisha ni ule unaokuja na harufu ya kuungua na utelezi uliopotea, oili inayonata kama asali ya zamani. Hiyo imeoza kwa joto na hewa, na itaacha tabaka la kahawia lisilofutika kwenye valvu na mifereji.

Rangi ya maziwa ni maji. Hata kabla ya kubadilika rangi, maji machache tu hupunguza umri wa beringi kwa kiasi kikubwa. Kipimo cha fundi ni hiki: pasha bamba la chuma mpaka kama nyuzi 150, vaa miwani, dondosha tone moja. Oili safi hutandaa na kufuka kidogo, kimya. Yenye maji hutoa vipovu, na yenye maji mengi hupasuka kama chumvi iliyotupwa motoni. Usifanye hivi kwa oili inayonuka petroli.

Lakini kabla ya kufungua kichwa cha injini kwa sababu umeona ute mweupe chini ya kifuniko cha kujazia, uliza gari linatembeaje. Safari fupi fupi ambazo injini haipati moto wa kutosha huacha mvuke ugande pale juu. Ikiwa dipstiki ni safi na maji ya rejeta hayapungui, lipeleke safari ndefu kisha uangalie tena. Kwenye gia boksi na hodhi za haidroliki, maji huingia kwa njia ya kuudhi zaidi: mashine inapoa usiku, hewa ya ndani inasinyaa, inavuta unyevu kupitia tundu la kupumulia. Au kuna mtu anaosha mashine kwa maji ya presha akielekeza mrija moja kwa moja kwenye sili. Huyo mtu yupo kila mahali.

Oili ikimetameta kama ina vumbi la almasi, ichuje kwenye kitambaa cheupe na upitishe sumaku. Kinachonaswa ni chuma cha gia na gololi. Kinachobaki, kikiwa cha njano, ni shaba ya bushi au ya gia ya skrubu. Kikiwa cheupe laini ni alumini ya pistoni au ya beringi za injini. Gia ya skrubu yenye gurudumu la shaba inataka tahadhari ya peke yake. Baadhi ya oili za gia zina dawa za salfa za kukinga mzigo mkubwa. Dawa hizo hufanya kazi kwa kuungana na uso wa chuma, na zikipata joto zinaweza kuila shaba. Fundi anaweka oili "kali" zaidi kwa nia njema, na gurudumu linazidi kulika. Soma maelezo ya mtengenezaji wa gia boksi, si sifa zilizoandikwa kwenye kopo.

Kipande kikiwa mkononi

Usitupe beringi mbovu kabla hujaikata. Hapa ndipo penye ushahidi wote, na hapa ndipo tunapopita haraka kuliko kote kwa sababu mashine imesimama na watu wanasubiri.

Ifute, ipeleke kwenye mwanga wa pembeni, uigeuze polepole. Mikwaruzo iliyonyooka kufuata mwendo, kama ya msasa, ni uchafu. Kumbuka kwamba utando ndani ya beringi ya gololi mara nyingi haufiki maikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), na unywele una takriban 70. Punje ya vumbi usiyoiona kwa macho ni jabali mle ndani. Tafuta sili iliyochanika, kopo la oili linalokaa bila mfuniko, nipeli isiyofutwa kabla ya kupigwa grisi. Hilo la mwisho ni dogo na linaua beringi nyingi: grisi safi inasukuma mbele yake mchanga uliokaa juu ya nipeli.

Uso ulioparurika, wenye mabaka yaliyovutwa kama siagi iliyopakwa kwa kisu kibovu, ni chuma kilichogandana na chuma. Utando ulikatika kabisa, kwa ukavu, kwa mzigo, au kwa mwendo mdogo mno. Mwendo mdogo husahaulika. Bawaba kubwa na pini za mashine za kuchimba hazizunguki kwa kasi ya kujenga kabari ya Reynolds. Hizo zinaishi kwa dawa zilizomo kwenye grisi na kwa vitu vigumu vyenye utelezi kama grafiti na molibdeni disalfidi. Kuziwekea oili nyepesi ni kuziacha uchi.

Vishimo vidogo na magamba yaliyobanduka ni uchovu wa chuma. Vikitokea upande mmoja tu wa njia, shafti haijanyooka, na hakuna mafuta yatakayoinyoosha. Mistari iliyopangana kwa nafasi sawa kama ubao wa kufulia, katika mota inayoendeshwa na kifaa cha kubadilisha kasi kwa umeme, ni mkondo wa umeme unaopita kwenye beringi na kuichoma nukta kwa nukta. Watu hubadilisha grisi mara tatu kabla ya kumwita fundi umeme.

Grisi imetoka kama supu, au imekuwa jiwe

Grisi ni oili iliyoshikwa na kigandisho, kama maji kwenye sponji. Vigandisho havipatani vyote. Grisi ya lithiamu ukiichanganya na ya udongo, au na baadhi ya zile za poliurea, mchanganyiko unaweza kulegea ukamwagika hata kama zote mbili zilikuwa nzuri. Rangi haikuambii kitu. Nyekundu ya mtengenezaji mmoja na nyekundu ya mwingine hazina undugu. Ukilazimika kubadilisha aina, fungua, osha, anza upya. Oili kidogo iliyoelea juu ya ndoo ya grisi ni kawaida, ikoroge irudi. Iliyokauka kama sabuni ndani ya beringi imeshapoteza oili, na kuongeza mpya juu yake kunaifungia njia.

Vitu vidogo vya nyumbani

Cherehani imekuwa nzito: uliza kama kuna aliyeiwekea mafuta ya kupikia. Hayo hukutana na hewa yakageuka gundi ya njano. Isafishe kwa mafuta ya taa kwanza, kisha tone la oili ya cherehani kila tundu, siyo mafuriko.

Kufuli inayokwama haitaki oili, ambayo hukusanya vumbi. Unga wa grafiti unatosha. Dawa ya kupuliza ya kufungua kutu ni ya kufungulia nati. Ukipuliza kwenye beringi inaosha grisi iliyokuwemo, na baada ya wiki umebaki na ukavu.

Cheni ya baiskeli inayong'aa kwa oili nje inaweza kuwa kavu ndani ya pini, ndipo inapolika. Tone moja kwa kila pingili, zungusha pedali, kisha futa nje pawe pakavu. Pima vipande 24 kutoka pini hadi pini: cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika karibu 307 hakuna oili itakayoirudisha, na meno ya gia yameanza kulipa.

Imeharibika ikiwa imesimama

Hii huwakasirisha wenye mashine za akiba. Pampu haijawahi kuwashwa, siku ya kuhitajika inanguruma. Ifungue: kwenye njia ya gololi kuna vijishimo vilivyopangana kwa nafasi ileile ya gololi, na pembeni yake vumbi la kahawia nyekundu kama kakao. Mtikisiko wa mashine jirani umekuwa ukizisugua gololi palepale kwa miezi, kwa mwendo mdogo usioweza kuvuta oili mpya. Zungusha shafti kwa mkono kila wiki, mzunguko mmoja na robo, ili gololi zisirudi zilipokuwa zimekaa. Kama inawezekana, weka mpira chini ya miguu ya mashine ya akiba, au ihamishe mbali na ile inayofanya kazi.